Semboja wa Mazinde

Msafiri apitaye njia ya kutoka Mombo kwenda Same huiona Mazinde chini ya ukuta wa milima ya Usambara, mahali pa joto na mkonge, wala hadhani kwamba zamani wakuu wa milimani walitazama huko chini kwa hofu. Aliyeleta jambo hilo ni Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai.

Katika siku za Kimweri, mfalme alikaa Vuga, mlimani, na kodi ya nchi ikapanda kwake. Wanawe walipewa sehemu za kutawala, na Semboja akapata Mazinde, huko nyikani. Wengine wangaliona wametupwa. Yeye aliona njia. Misafara ya watu wa Pangani iendayo Kilimanjaro na Umasaini kutafuta pembe za ndovu ilipita hapo, nayo ilihitaji maji, chakula na ruhusa. Basi Semboja akafanya biashara nao, akapata nguo, baruti na bunduki, akavaa mavazi ya pwani na kusema Kiswahili. Sisi walimu hupenda kumsifu mtoto mwenye akili ya namna hiyo.

Kimweri alikufa mwaka 1862, na ufalme ukamwendea mjukuu wake, Shekulwavu, kijana. Miaka michache baadaye Semboja alimfukuza Vuga. Na hapa ndipo tunapostaajabu: hakukalia kiti alichokitwaa. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akarudi Mazinde. Mwana alikuwa na cheo, baba alikuwa na baruti.

Lakini baruti hununuliwa kwa kitu, na pembe hazikutosha. Nyumba mbili za Wakilindi zikapigana miaka mingi, Wabondei wakaasi, na mateka wakashushwa pwani kuuzwa. Zamani mfalme aliletewa kodi ili ailinde nchi; sasa watu wenyewe wakawa bidhaa. Washambaa wana neno lao kwa nyakati kama hizo, *kubana shi*, yaani kuiharibu nchi.

Wadachi walipokuja, Semboja hakupigana nao. Alikufa mwaka 1895, na mwaka huo huo mwanawe Mputa alinyongwa nao. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, kisha ikapita Mazinde kuelekea Moshi, upande ule ule walikokwenda wachukuzi wa pembe.