Jina Moja, Miti Miwili: Habari za Mwarobaini

Wasikilizaji, mtu akifika Chekereni, penye mashamba ya mpunga chini ya Moshi, akaomba aonyeshwe mwarobaini, huenda mwenyeji mmoja akamwonyesha mti huu, na jirani yake akamwonyesha mwingine.

Mti wa kwanza asili yake ni Bara Hindi na Burma. Huitwa pia mkilifi. Jina la mwarobaini latokana na hesabu ya arobaini, kwa kuwa husemwa kwamba mti huo huponya maradhi arobaini. Wa pili ni mmelia, uliotoka Asia vilevile, ukapandwa kwa ajili ya kivuli na maua. Kwa kuwa wafanana na mwenziwe, nao umeitwa mwarobaini.

Wala msidhani kwamba wasiosoma peke yao ndio waliochanganya. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliiweka miti yote miwili katika jamii moja, Melia, na majina aliyoipa yote mawili yatokana na maneno yale yale ya Kiajemi, maana yake mti muungwana. Katika miaka ya 1830 ndipo Adrien de Jussieu wa Ufaransa alipoutenga mwarobaini, ukaitwa Azadirachta indica. Mmelia ukabaki Melia azedarach. Mwaka 1895 akaongezwa ndugu wa tatu, mti wa nyika kavu za Afrika Mashariki, Melia volkensii, kwa heshima ya Georg Volkens, Mjerumani aliyekaa Marangu akichunguza mimea ya Kilimanjaro.

Jambo hili si la vitabuni tu. Matunda ya mmelia yana sumu, nayo yamepata kuua watu na nguruwe. Hata mwarobaini wenyewe si wa kuchezewa, kwani mafuta ya mbegu zake yamewadhuru watoto wachanga.

Basi zishikeni alama hizi. Vijani vya mwarobaini hupangwa huku na huku juu ya ujiti mmoja. Ujiti wa mmelia hutoa vijiti vingine, na hivyo ndivyo vyenye vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya zambarau hafifu. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo mfano wa zeituni. La mmelia ni la mviringo, nalo huning'inia mtini hata majani yakiisha kupukutika.

Kwa hiyo mtu akikutajia dawa kwa jina, mwambie akuonyeshe na jani lake.