Jinsi benki zinavyopima uaminifu wa mteja

Mteja aliyekaa na benki moja kwa miaka 20 si lazima awe mwaminifu kwa benki hiyo. Huenda hati ya shamba lake imewekwa humo kama dhamana ya mkopo. Huenda mwajiri wake ndiye aliyemchagulia mahali pa kupokelea mshahara. Au huenda hilo ndilo tawi la pekee katika mji anamoishi. Anayehesabu miaka pekee humwita mtu wa aina hiyo rafiki wa benki, ilhali siku kamba hizo zitakapokatika ataondoka bila ya kuaga.

Tofauti hii ilielezwa vyema na wasomi Alan Dick na Kunal Basu mnamo mwaka wa 1994. Kwa maoni yao, uaminifu una pande mbili: vitendo, yaani kurudi mara kwa mara, na moyo, yaani kuipendelea kampuni moja kuliko washindani wake. Anayerudi na huku anapenda ndiye mwaminifu wa kweli. Anayerudi bila ya kupenda ana uaminifu wa bandia. Yupo pia anayependa lakini harudi, pengine kwa kuwa tawi liko mbali au kiasi cha kufungulia akaunti kinamshinda.

Benki zinajali suala hili kwa sababu ya faida. Kumpata mteja mpya kuna gharama zake: matangazo, makaratasi na muda wa makarani. Aliyekwisha kuzoea huweka akiba zaidi, hukopa na huleta jamaa zake. Mwaka wa 1990, Frederick Reichheld na Earl Sasser walichapisha hesabu zilizoonyesha kuwa, katika matawi ya benki moja, kupunguza wateja wanaohama kwa asilimia 5 kungeongeza faida kwa asilimia 85. Tarakimu hiyo imenukuliwa mno tangu hapo kana kwamba ni kanuni ya maumbile, ingawa ilihusu benki moja tu.

Kipimo cha kwanza kinachotumika sana huangalia ubora wa huduma. Kilibuniwa katika miaka ya 1980 na Parasuraman, Zeithaml na Berry, na benki ni miongoni mwa biashara walizozichunguza. Mteja hupewa kauli 22 kuhusu yale anayoyatarajia, kisha 22 nyingine kuhusu yale aliyoyapata. Pengo baina ya majibu hayo ndilo hupimwa, katika nyanja tano: kutegemeka, wepesi wa kuhudumia, kutia imani, kumjali mteja, na mwonekano wa jengo, vifaa na wahudumu. Kutegemeka ndiko kulikoonekana kuwa na uzito zaidi. Wanaokarabati kumbi za benki kwa mamilioni wangefaa kulizingatia hilo.

Kipimo cha pili ni kifupi na ndicho kilichoenea zaidi. Reichheld alikitangaza mwaka wa 2003. Mteja huulizwa swali moja: je, kutoka 0 hadi 10, ungempendekezea rafiki benki hii kwa kiasi gani? Wanaojibu 9 au 10 huhesabiwa kuwa wapigadebe, wenye 7 au 8 ni vuguvugu, na kuanzia 6 kwenda chini ni walalamishi. Asilimia ya walalamishi huondolewa katika asilimia ya wapigadebe. Tuseme wateja 200 wameulizwa, 90 wakawa wapigadebe, 50 vuguvugu na 60 walalamishi. Hiyo ni 45 kutoa 30, na alama ya benki ni 15.

Wepesi huo una mitego yake, hususan hapa Kenya. Mzazi ambaye mwanawe ameleta alama 80 kwa 100 hufurahi na kumsifu. Mzazi uyo huyo akiipa benki 8, anadhani ameitunuku, kumbe amewekwa kundi la vuguvugu. Isitoshe, akiulizwa mbele ya karani aliyemhudumia, adabu humzuia kutaja dosari. Watafiti wengine nao, akiwemo Timothy Keiningham na wenzake mwaka wa 2007, waliyapinga madai kwamba swali hilo hutabiri ukuaji wa kampuni kuliko vipimo vingine.

Penye shaka kuhusu maneno, heri kufuata pesa. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007, Mkenya anaweza kupokea mshahara benki na kuuhamishia kwenye simu siku iyo hiyo, karo akailipa kwa njia moja na akiba akaiweka katika chama cha ushirika. Katika vitabu vya benki bado ni mteja, lakini fedha zake hazilali humo. Kipimo cha maana hapa ni sehemu gani ya pato lake inayobaki, na mkopo unaofuata ataomba wapi.

Kuna jambo lisilopimwa na dodoso lolote la foleni na tabasamu. Dubai Bank na Imperial Bank zilifungwa mwaka wa 2015, kisha Chase Bank ikawekwa chini ya mrasimu Aprili 2016. Baada ya hapo wenye amana wengi walizihama benki ndogo na kukimbilia kubwa, wakiwemo waliokuwa wameridhika na huduma. Wakati huo bima ya amana ilifidia Sh100,000 pekee kwa kila mwenye akaunti. Kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh500,000 mwaka wa 2020. Kwa aliyeweka pesa za kujengea nyumba, hofu hiyo ilikuwa na uzito kuliko ukarimu wa meneja.

Hesabu nyingine inayopotosha ni ya akaunti zilizolala. Benki inaweza kujivunia mamilioni ya wateja huku wengi wao wakiwa hawajagusa akaunti kwa miaka. Chini ya sheria ya mwaka wa 2011, pesa zilizokaa kimya kwa zaidi ya miaka mitano hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayosimamia mali ya kifedha isiyodaiwa, na mwenyewe au warithi wake hulazimika kwenda kuzidai huko.