Sehemu Saba au Kumi na Saba? Mivutano ya Mashabiki wa "The Prisoner" kama Historia ya Uhakiki

Suala la matini ipi ihesabiwe kuwa sahihi ni suala kongwe katika taaluma ya fasihi. Anayeishughulikia Al-Inkishafi, kwa mfano, hana budi kuamua afuate mswada upi, maana nakala zilizotufikia hazilingani kikamilifu kwa idadi ya beti wala kwa mfuatano wake. Uamuzi wa aina hiyo kwa kawaida huachiwa wanazuoni. Hata hivyo, katika nusu ya pili ya karne ya ishirini ulizuka mjadala mrefu wa namna iyo hiyo ambao haukuendeshwa na wanazuoni wala haukuhusu mswada wa kale. Uliendeshwa na watazamaji wa televisheni, na uliihusu tamthilia ya kijasusi iliyojaa mapigano, mbio za magari na majaribio ya kutoroka: "The Prisoner". Makala haya yanaufuatilia mjadala huo kwa nia ya kuonyesha kwamba mashabiki, walipobishana kuhusu sehemu ipi ni bora, ipi ni ya ziada na ipi itangulie, walikuwa wakifanya uhakiki wa matini kwa maana yake kamili. Yanadai pia kwamba pale walipokosea, walikosea kwa sababu ile ile inayowapotosha wahakiki wengi, yaani kumkimbilia mtunzi awaamulie.

Tamthilia yenyewe ilianza kuonyeshwa Uingereza mnamo Septemba 1967 na kumalizika Februari 1968, ikiwa na sehemu 17. Jasusi mmoja anajiuzulu kwa hasira. Anapofungasha mizigo nyumbani kwake London anapulizwa gesi, na anapozinduka anajikuta Kijijini, mahali penye bustani nzuri na nyumba za rangi za kupendeza ambapo hakuna mtu mwenye jina. Yeye ni Nambari Sita. Msimamizi wa Kijiji huitwa Nambari Mbili, na karibu kila sehemu huja na Nambari Mbili mwingine mwenye hila mpya za kumfanya mfungwa aseme kwa nini alijiuzulu. Anayejaribu kutoroka hufukuzwa na puto kubwa jeupe linaloviringika nchi kavu na juu ya maji. Mandhari ya nje yalipigwa picha Portmeirion, kijiji cha hoteli huko Wales kilichobuniwa na msanifu Clough Williams-Ellis. Patrick McGoohan alikuwa mwigizaji mkuu na mtayarishaji mtendaji, na pia aliandika na kuelekeza baadhi ya sehemu, nyingine kwa majina ya bandia. Katika "Free for All" alijiita Paddy Fitz, na katika "Many Happy Returns" na "A Change of Mind" alijiita Joseph Serf. Majina hayo ya bandia yatahitajika baadaye katika hoja.

Chanzo cha kwanza cha mivutano ni kwamba sehemu hizi hazikuonyeshwa kwa mfuatano zilivyotengenezwa. "Dance of the Dead" ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kupigwa picha, lakini ilionyeshwa ya nane, na humo Nambari Sita bado anajitambulisha kuwa mgeni Kijijini. Mtazamaji aliyekwisha kumwona akitoroka na kurejeshwa mara kadhaa alikuwa na haki ya kushangaa. Mfano mwingine ni wa mwigizaji Colin Gordon, aliyekuwa Nambari Mbili mara mbili. Katika "A. B. and C.", iliyoonyeshwa ya tatu, anaonekana mtu aliyebanwa, anayeitetemekea simu ya wakubwa wake kana kwamba amepewa nafasi ya mwisho. Katika "The General", iliyoonyeshwa ya sita, ana kiburi cha mtu ambaye hajaonja kushindwa. Mashabiki waligundua jambo dogo zaidi. Katika mazungumzo ya utangulizi Nambari Mbili kwa kawaida hujitambulisha kuwa ndiye mpya, lakini katika "A. B. and C." neno hilo "mpya" halimo. Kutokana na kuachwa kwa neno moja walihitimisha kwamba "The General" ilipaswa kutangulia. Mwanazuoni wa miswada angeitambua mara moja mbinu hiyo, kwani ndiyo anayoitumia anapopanga upya kurasa zilizovurugika kwa kufuata kibwagizo au kituo.

Chama cha mashabiki kiitwacho Six of One kiliasisiwa mwaka 1977, na mikutano yake iliyofanyika Portmeirion ikawa jukwaa la ubishi huu. Pande mbili zilijitokeza. Upande mmoja ulishikilia mfuatano wa matangazo ya Uingereza, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo kazi iliyoifikia hadhira na kuiathiri. Upande wa pili ulitaka mfuatano urekebishwe kwa ushahidi wa ndani, hivyo "Dance of the Dead", "Free for All" na "Checkmate" zisogezwe mwanzoni, wakati mfungwa bado anajifunza nani ni mfungwa mwenzake na nani ni mlinzi. Hoja za upande wa pili zina nguvu, na waliozitoa walikuwa wasomaji makini kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Udhaifu wao ni kudhani kwamba tamthilia hii lazima iwe na wakati unaosonga mbele kama riwaya. Muundo wake kwa kiasi kikubwa ni wa kujirudia. Karibu kila sehemu huanza kwa kujiuzulu kule kule na gesi ile ile, na aghalabu humalizika kwa sura ya mfungwa ikifungiwa nyuma ya nondo za chuma. Mahali Kijiji kilipo penyewe hapatulii. Katika "The Chimes of Big Ben" mfungwa anaambiwa kuwa yuko Lithuania, kauli inayotoka kinywani mwa mtu anayemdanganya. Katika "Many Happy Returns" hesabu za safari yake ya baharini zinaashiria pwani ya Morocco au kusini mwa Ureno na Uhispania. Katika sehemu ya mwisho lori linalotoka Kijijini linaingia London kwa barabara, bila kuvuka bahari yoyote. Hakuna upangaji utakaopatanisha mambo hayo, na huenda mkanganyiko huo ni sehemu ya adhabu.

Mvutano mzito zaidi ulihusu idadi. Mwaka 1977, katika mahojiano na Warner Troyer huko Kanada, McGoohan alieleza kwamba wazo lake lilitosha sehemu saba tu, na kwamba zilifikia 17 baada ya maafikiano na Lew Grade, mkuu wa kampuni ya ITC, aliyetaka nyingi zaidi ili aweze kuiuza tamthilia Marekani. Kauli hiyo ilipokelewa na baadhi ya mashabiki kama fatwa. Ikapatikana orodha ya saba "halisi": "Arrival", "Free for All", "Dance of the Dead", "Checkmate", "The Chimes of Big Ben", "Once Upon a Time" na "Fall Out". Kumi zilizobaki zikawa, kwa lugha ya upole, vijazo.

Orodha hiyo inastahili kuchunguzwa kwa kigezo chake yenyewe. Ikiwa kipimo ni mkono wa mtunzi, mbona "Checkmate", iliyoandikwa na Gerald Kelsey na kuelekezwa na Don Chaffey, imo, ilhali "Many Happy Returns" na "A Change of Mind", ambazo McGoohan alizielekeza mwenyewe chini ya jina la Serf, zimeachwa nje? Na kama kipimo ni ubora wa uandishi, kuna kisa cha Vincent Tilsley. Ndiye aliyeandika "The Chimes of Big Ben", inayosifiwa takriban na kila shabiki, na ndiye pia aliyeandika "Do Not Forsake Me Oh My Darling", ambayo wengi wao huiweka mkiani. Sababu ya kuidharau inajulikana. McGoohan alikuwa Marekani akiigiza katika filamu ya "Ice Station Zebra", kwa hiyo ikabuniwa hadithi ambamo akili ya Nambari Sita inahamishiwa katika mwili wa mtu mwingine, na Nigel Stock akachukua nafasi yake kwa sehemu kubwa ya mchezo. Mashabiki walilalamika kwamba shujaa wao hayupo. Ni lalamiko la haki kwa upande wa uigizaji. Hata hivyo, katika tamthilia inayouliza daima nini kinachomfanya mtu awe yeye akishanyang'anywa jina, sehemu inayomnyang'anya hata uso haiwezi kuitwa geni kwa maudhui ya kazi nzima. Dosari yake ni ya utekelezaji, na ni kubwa.

Kesi ya "Living in Harmony" ni tofauti, na hapa walioiondoa walipoteza kitu cha thamani. Sehemu hiyo inafungua bila utangulizi uliozoeleka. Anaonekana mlinzi wa sheria wa mji wa Magharibi ya Marekani akirudisha beji na bastola yake, akiondoka, kisha akishambuliwa na kupelekwa kwa nguvu kwenye mji uitwao Harmony, ambako hakimu anamshinikiza ashike kazi hiyo tena. Anakubali beji hatimaye, lakini anakataa bunduki. Mtazamaji hugundua kuchelewa kwamba Kijiji kimevaa nguo nyingine. CBS ilipoionyesha tamthilia Marekani mwaka 1968 iliiruka sehemu hii. Mashabiki wamegawanyika kuhusu sababu. Wapo wanaosema ni kutajwa kwa dawa zinazovuruga akili. Wengine wanasema ni picha ya mtu anayekataa silaha wakati vijana walikuwa wakiandikishwa kupigana Vietnam. Vyovyote iwavyo, jambo la kuzingatia ni kwamba mashabiki wa orodha ya saba na kituo kile cha televisheni walifikia matokeo yale yale, yaani kuiondoa, kila mmoja kwa njia yake.

Kuhusu mwisho, ubishi ulianza usiku ule ule. "Once Upon a Time" ilikuwa imepigwa picha mapema, na "Fall Out" iliandikwa na McGoohan kwa haraka muda mrefu baadaye. Leo McKern, aliyeigiza Nambari Mbili katika zote mbili, alikuwa amekwisha kubadili nywele na ndevu, ikabidi kitungwe kitendo cha kumnyoa. Hadhira ilitarajia kuonyeshwa adui mkuu, Nambari Moja. Nambari Sita anamvua barakoa, chini yake ipo sura ya nyani, na chini ya hiyo ipo sura yake mwenyewe, kwa kitambo kifupi mno kiasi kwamba wengi hawakuitambua. Kituo cha ATV kilipokea malalamiko mengi kwa simu, na McGoohan alisimulia baadaye kwamba ilimbidi ajifiche. Wengine waliona wamedanganywa, na wengine waliona hakuna mwisho mwingine uliowezekana. Hawa wa pili walionyesha kwamba nyumba ya mfungwa London ina nambari 1, na kwamba mlango wake unajifungua wenyewe kama ile ya Kijijini. Ushahidi huo hauondoi hasira ya hao wa kwanza, ambayo nayo ni aina ya usomaji. Walikuwa wamefundishwa kwa sehemu 16 kudai jibu.

Mtu wa kuingilia kati hapa ni George Markstein, aliyekuwa mhariri wa miswada na ambaye anaonekana katika utangulizi akiwa ameketi nyuma ya meza ambapo barua ya kujiuzulu inatupwa. Aliondoka baada ya sehemu 13 za kwanza. Kwa kauli yake, Nambari Sita ni John Drake, jasusi ambaye McGoohan alimwigiza katika "Danger Man". McGoohan alikana. Waliomwamini Markstein walileta ushahidi wa Christopher Benjamin, aliyeigiza mhusika aitwaye Potter katika "Danger Man" na kisha mhusika mwenye jina hilo hilo katika "The Girl Who Was Death". Waliompinga walijibu kwamba sehemu hiyo ni kichekesho ambacho Nambari Sita anawasimulia watoto walale, na kichekesho hakithibitishi nasaba. Wengine waliongeza kwamba McGoohan alikuwa na sababu ya kukana, maana Drake aliumbwa na Ralph Smart, na jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Basi watunzi wawili walitoa ushahidi uliopingana, na mashabiki waliokuwa wakitafuta kauli ya mwisho wakabaki na kauli mbili.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo wa 1967 ndio ambao Roland Barthes alichapisha insha yake ya kutangaza kifo cha mtunzi, na Hans Robert Jauss akatoa mhadhara wake wa Konstanz uliodai historia ya fasihi iandikwe kwa kufuata upokezi wa wasomaji. Si lazima kudhani kuwa mashabiki wa Portmeirion waliwasoma wataalamu hao. Jauss angepata kwao mfano mzuri wa upeo wa matarajio ukivunjwa hadharani. Barthes huenda angekata tamaa, kwani watu hawa, waliomshabikia mtu aliyekataa kuhesabiwa, hawakuacha kumsihi mtunzi wao awape nambari.

McGoohan alifariki mwaka 2009 bila kuidhinisha mfuatano wowote kwa namna iliyomaliza ubishi. Kufikia hapo hoja za mashabiki zilikuwa zimekwisha kuacha alama katika kazi yenyewe. Kituo cha KTEH cha San Jose, California, kiliionyesha tamthilia kwa mfuatano uliopangwa upya kwa kufuata ushahidi wa ndani, na kampuni ya A&E ilipoitoa kwenye DVD huko Marekani haikufuata mfuatano wa mwaka 1967. Mtazamaji aliyekutana na Nambari Sita kwa mara ya kwanza katika diski hizo aliitazama "Dance of the Dead" mapema na kuona ni jambo la kawaida kabisa kwamba mfungwa bado ni mgeni.