Uchungu Unaohifadhi: Historia Fupi ya Hopsi na Fundisho Lake Kwetu



Wapendwa waamini, juma lililopita kijana mmoja wa parokia yetu alitujia baada ya Misa akiwa na chupa mkononi na swali moyoni. Amejifunza kutengeneza bia nyumbani kwake kwa kimea cha shayiri, hamira na hopsi. Bia yake ya kwanza ilikuwa chungu hata haikunyweka, kwa maana alitumbukiza pakiti nzima ya hopsi mara tu maji ya kimea yalipoanza kuchemka, akayaacha jikoni kwa saa nzima. Akatuuliza, nusu kwa mzaha: “Padre, hivi ni nani aliyewaletea watu uchungu huu?” Tulimjibu kwa kifupi, kisha tukaona kwamba swali lake lastahili jibu refu zaidi. Njia ambayo hopsi zilipitia hadi kuingia katika bia imepita ndani ya kuta za Kanisa lenyewe, wala haikupita bila mgogoro.

Hopsi ni maua ya mmea utambaao, unaopanda juu ya nguzo na kamba hata kufikia mita sita na zaidi. Mmea dume na mmea jike hukua mbalimbali, na watengenezaji wa bia huyataka maua ya mmea jike, kwa sababu ndani yake mna unga wa manjano wenye utomvu mchungu na harufu nzuri. Mmea huu hupenda nchi zenye mchana mrefu wakati wa kiangazi, ndiyo maana hatuuoni katika mashamba yetu. Hata hivyo wazo lenyewe si geni kwetu. Wachaga wa Kilimanjaro, wanapotengeneza mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, hutia gome la msesewe ili kuupunguza utamu wake. Inaonekana kwamba watu wa mataifa mengi waligundua, kila mmoja kwa wakati wake, kuwa utamu wa nafaka peke yake hautoshi.

Katika Ulaya ya kale bia ilitiwa mchanganyiko wa majani na mitishamba ya porini ulioitwa gruti. Ilikuwa na ladha nzuri, lakini aghalabu haikudumu. Baada ya siku chache ilianza kuchacha, na kwa hiyo kila mji ulilazimika kujitengenezea ya kwake.

Mojawapo ya maandishi ya kwanza yanayozitaja hopsi pamoja na utengenezaji wa bia linatoka katika monasteri. Mwaka 822 Mtakatifu Adalhard, abati wa Corbie kaskazini mwa Ufaransa na binamu wa mfalme Charlemagne, aliwaandikia wamonaki wake kanuni za mambo ya nyumba. Humo aliagiza kwamba bawabu wa monasteri apewe sehemu ya kumi ya kimea, na vivyo hivyo sehemu ya kumi ya hopsi. Na kama havimtoshi, atafute nyingine mahali pengine ili apate bia yake. Tukumbuke bawabu alikuwa nani. Katika nyumba ya Kibenediktini, bawabu ndiye aliyewapokea maskini na wageni waliobisha mlangoni. Hivyo hopsi zinaingia katika historia yetu zikiwa fungu la mtu wa mlangoni, wala hazikutajwa kama anasa ya wakubwa.

Wala tusidhani kwamba wamonaki walikunywa bila mpaka. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ina sura nzima, ya 40, kuhusu kipimo cha kinywaji. Benedikto aliona haya kuwapangia watu wengine kiasi, kwa kuwa kila mtu ana karama yake, lakini hata hivyo aliwawekea kipimo cha divai kwa siku. Akaongeza kwamba wale ambao Mungu amewajalia nguvu ya kujinyima kabisa watapata thawabu yao wenyewe.

Miaka zaidi ya mia tatu baadaye anatokea mwanamke mmoja mwenye macho makali, Mtakatifu Hildegard wa Bingen (1098–1179), abesi katika nchi ya Ujerumani, ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012. Katika kitabu chake juu ya mimea na viumbe vingine alieleza habari za hopsi kwa unyofu unaotushangaza. Hakuzisifu. Alisema kwamba hazimfai sana mwanadamu, na kwamba huzidisha huzuni ndani yake. Kisha, katika maelezo yale yale, akakiri kwamba kwa uchungu wake hopsi huzuia kuoza katika vinywaji vinavyotiwa, hata vikadumu muda mrefu zaidi. Hildegard hakuupenda mmea huo, lakini hakuuficha ukweli wake. Sayansi ya siku hizi imethibitisha neno lake la pili, kwa maana asidi zilizomo katika utomvu wa hopsi huzuia aina nyingi za bakteria wanaochachusha bia.

Hapa ndipo mgogoro ulipoanza. Katika sehemu nyingi za Ujerumani na Uholanzi, haki ya kuuza gruti ilikuwa mikononi mwa watawala, na mara nyingi watawala hao walikuwa maaskofu. Mtengenezaji wa bia hakuruhusiwa kujichanganyia mwenyewe. Alipaswa kununua kutoka kwa mwenye haki, na fedha hizo zilikuwa kodi. Wakati huo huo miji ya kaskazini, kama Bremen na Hamburg, ilikuwa ikitengeneza bia ya hopsi iliyoweza kusafiri baharini bila kuharibika, nayo ikapata wanunuzi mbali na nyumbani. Kadiri hopsi zilivyoenea, mapato ya gruti yalipungua. Askofu mkuu wa Köln alikuwa mmoja wa wenye haki hiyo, na katika karne ya 14 yalitolewa makatazo dhidi ya bia ya hopsi ili kuyalinda mapato.

Ndugu wapendwa, tunaisimulia habari hii bila kuipamba, kwa kuwa ni yetu. Ukweli kwamba hopsi huhifadhi ulikuwa umekwisha kuandikwa na mtawa wa Kanisa hili hili. Waliozikataza hawakuthibitisha kwamba zinadhuru. Waliupinga uchungu uliohifadhi kwa sababu utamu wa fedha ulikuwa upande mwingine. Mwishowe makatazo hayo hayakufaa kitu. Watu walionja, wakaona kwamba bia ile haiharibiki, wakaifuata.

Mwisho wa safari hiyo unajulikana na wengi. Tarehe 23 Aprili 1516, huko Ingolstadt, watawala wa Bavaria, Wilhelm IV na Ludwig X, walitoa amri kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa, kwa maana kazi yake ilikuwa bado haijaeleweka. Amri hiyo iliweka pia bei, ili mnywaji asidhulumiwe, na kwa kuitaja shayiri peke yake iliwaachia waokaji ngano kwa ajili ya mkate. Tunapenda jambo hilo: kabla ya kikombe kujazwa, mtu alifikiri juu ya sahani.

Sasa tumrudie kijana wetu na sufuria yake. Kosa lake halikuwa kutia hopsi. Kosa lilikuwa la kipimo na wakati. Hopsi zinazotiwa mwanzoni na kuchemka kwa dakika 60 hutoa uchungu wake karibu wote, na harufu yake hupotea pamoja na mvuke. Zinazotiwa katika dakika tano au kumi za mwisho hutoa uchungu kidogo na kuacha harufu nzuri. Kwa lita 20 za bia nyepesi, gramu 30 hivi za hopsi zenye uchungu wa wastani zatosha hapo mwanzoni, na kiasi kidogo kiwekwe akiba kwa ajili ya mwisho. Anayeanza asiwe na haraka: aandike alichotia na saa aliyokitia, aonje, kisha abadilishe jambo moja tu mara ifuatayo.

Je, si ndivyo ilivyo katika nyumba zetu? Neno la kweli ni chungu. Mzazi asiyelisema kamwe hulea mtoto mtamu atakayeharibika upesi. Lakini mzazi anayemimina pakiti nzima kwa siku moja, tena jikoni kukiwa na moto, hupata nyumba isiyokalika. Waisraeli waliagizwa kumla mwanakondoo wa Pasaka pamoja na mboga chungu (Kut 12:8). Mboga hizo hazikuwa mlo wote, lakini pasipo hizo mlo haukutimia.

Nasi viongozi wa Kanisa, mapadre na halmashauri za parokia, tujiulize swali la Köln. Pale mwamini anapotuletea ukweli unaotupunguzia mapato au heshima, je, tunauonja kwanza, au tunaandika katazo? Tunapenda kuamini kwamba tungekuwa upande wa Hildegard. Tuombe neema ya kuwa huko kwa kweli, hasa siku ambayo ukweli wenyewe hatuupendi.

Neno la mwisho kwa wale ambao kwao glasi ya kwanza imekuwa mlango wa machozi ya familia. Historia hii haikuandikwa ili kuwarudisha huko. Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, na Kanisa lina baraka ya bia katika kitabu chake cha kale cha ibada. Lakini Benedikto aliwajua pia wale ambao kipimo chao ni kuacha kabisa, akawaahidi thawabu. Msiione haya karama hiyo. Kijana wetu naye ameahidi kujaribu tena, na safari hii atatumia saa na mizani.

Mungu awabariki nyote, na juma jema.