Divai ya Dodoma na Somo Lake kwa Mkulima wa Segera

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, tumeona yafaa kuandika habari za zao lisilo letu, yaani zabibu, na divai itokanayo nalo. Wanachama wetu wengi dini yao yawakataza kileo, nasi twaiheshimu imani hiyo. Lakini habari hizi si za mnywaji peke yake. Ni habari za mkulima mwenye tunda lisilongoja, kama lilivyo chungwa letu.

Jambo lenyewe si geni katika mkoa wetu wa Tanga. Mgema hupanda mnazi, hukata karara changa kwa kotama, kisha hutega kibuyu. Tembo lililo tamu alfajiri huwa kali kabla ya jua kutua, na baada ya siku chache huwa siki.

Divai nayo hufuata njia iyo hiyo. Zabibu zikipondwa, chachu hula sukari yake na kuigeuza kileo. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza kazi ya chachu hiyo katika miaka ya 1860. Sukari ikiliwa yote, divai huwa kavu. Ikibaki, huwa tamu. Wengi hudhani divai nyekundu hutoka katika maji mekundu. Sivyo. Maji ya zabibu karibu zote hayana wekundu. Rangi hutoka katika maganda yanayoachwa humo siku kadhaa, nayo ndiyo yatiayo ukakasi ulimini. Kwa hiyo mjuzi huitazama rangi, hunusa, kisha huonja kidogo kidogo, akapata habari za shamba: jua kali huzidisha sukari, na tunda lililovunwa bichi huacha ukali kama wa ndimu. Alewaye hawezi kuonja tena.

Vyungu vya kale vilivyochimbuliwa nchini Georgia vyaonyesha kwamba watu walitengeneza divai yapata miaka 8,000 iliyopita. Kwetu Tanzania, wamisionari Waitaliano walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, katika miaka ya 1950. Nchi ile ina mvua haba na jua jingi, na mzabibu ukipogolewa vema huvunwa mara mbili kwa mwaka, ambapo Ulaya huvunwa mara moja. Baadaye kikaja kiwanda cha umma, DOWICO, na wakulima wakapanda kwa matumaini. Kiwanda kilipodhoofika na kusimama, wengi walikosa mnunuzi, na wengine waling'oa mizabibu yao kwa mikono ile ile iliyoipanda. Viwanda vingine vimekuja tangu hapo, na zabibu zingali zikilimwa. Lakini jeraha lile lilikuwa la kweli.

Wakulima wa kijiji cha Mayschoß, katika bonde la mto Ahr nchini Ujerumani, waliona shida iliyo sawa na hiyo. Mwaka 1868 waliungana, wakawa na ghala na mapipa yao wenyewe. Zabibu haingoji, bali divai iliyomo pipani yaweza kungoja. Na mwenye pipa ndiye asemaye bei.

Sisi nasi twaijua njia ya umoja. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha KNCU mwaka 1933. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Tumejifunza hapo kwamba chama kisicho mikononi mwa wanachama wake chaweza kuondoka kwa siku moja.

Ndugu wanachama, msimu wa machungwa ukifika, malori husimama njia panda ya Segera, na mnunuzi hutaja bei akijua kwamba mzigo wetu utaoza. Twatamani kiwanda cha kukamua, na twatamani kwa haki. Lakini Dodoma yatuonya kwamba kiwanda peke yake hakitoshi. Hapana budi kwanza tujue nani atanunua, lini atalipa, na nani atakagua vitabu vya hesabu. Tuyaulize hayo katika mkutano mkuu kabla ya kupanda mche mmoja zaidi, tusije tukang'oa kesho tulichopanda leo.