DDR miaka zaidi ya ishirini: silaha zilipokelewa, kazi ikakosekana

Tangu mwaka 2004, serikali ya Kongo imeanzisha mipango kadhaa ya kuwatoa wapiganaji porini na kuwarudisha katika maisha ya kiraia. Mashariki mwa inchi, wakaaji wanaijua mipango hiyo kwa herufi tatu tu: DDR. Maana yake ni kutoa silaha, kuvunja vikundi, na kumrudisha mpiganaji katika jamii. Wako waliopitia humo wakaanza maisha mapya. Wako pia wengi waliorudi porini, na familia zilizokimbia vijiji vyao ndizo zinazobeba mzigo wa kushindwa huko. Ukifuata historia hii hatua kwa hatua, tatizo moja linajirudia: herufi mbili za kwanza zilipata nguvu na pesa, ya tatu ikabaki nyuma.

Yote yalianza na mkataba wa amani uliotiwa saini Pretoria, Afrika Kusini, Desemba 2002. Serikali ya mpito iliingia kazini Juni 2003, na mwisho wa mwaka huo ikaundwa tume ya CONADER. Banki ya Dunia na wafadhili wengine walitoa dola milioni 200. Mpiganaji aliyetoa silaha alikuwa na njia mbili: kuingia jeshi jipya la FARDC kupitia brassage, katika vituo kama Nyaleke, Rumangabo na Luberizi, ao kurudi uraiani.

Aliyechagua uraia alipewa dola 110 za kumfikisha nyumbani, kisha dola 25 kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Jumla ni dola 410. Pamoja na pesa hizo, aliahidiwa kufundishwa kazi na kupewa vifaa vya kuanzia: kulima, kuvua samaki, kushona, useremala, ama biashara ndogo.

Watu wazima zaidi ya laki moja waliandikwa kama raia katika mpango huo. Maelfu ya watoto nao walitolewa katika vikundi. Kwa hesabu ya vichwa, ilikuwa kazi kubwa. Lakini mwaka 2006 pesa za CONADER zilikauka wakati maelfu ya watu walikuwa wangali wanangoja sehemu ya mafunzo. Dola 25 zilichelewa, na katika miji kadhaa waliokuwa wapiganaji walishuka barabarani kudai haki yao. Mwaka 2007 CONADER ilivunjwa, na kazi ikapewa ofisi nyingine.

Wako waliouza baiskeli ama mashini ya kushona mara tu walipoipokea. Si kwa uvivu peke yake. Mtu aliyefundishwa kushona kwa majuma machache, katika kijiji ambako hakuna mwenye pesa ya kununua nguo, atamshonea nani? Na mkulima ambaye shamba lake liko katika mikono ya kikundi kingine atalima wapi? Wanawake nao walisahauliwa. Wengi walikuwa wamebeba mizigo, wamepika, wamechukuliwa kwa nguvu kuwa wake za wapiganaji. Kwa kuwa hawakuwa na bunduki ya kuonyesha, wengi hawakuandikwa.

Mwisho wa mwaka 2013, M23 iliposhindwa kwa mara ya kwanza, wapiganaji wa vikundi vingine walianza kujisalimisha, wengi wao huko Bweremana, wilayani Masisi. Serikali iliamua kuwapeleka mbali na Kivu: Kitona, Kamina na Kotakoli. Huko Kotakoli, kambi ya zamani ya makomando wa Mobutu, kaskazini-magharibi mwa inchi, wapiganaji, wake zao na watoto wao waliachwa bila chakula cha kutosha wala dawa. Oktoba 2014, shirika la Human Rights Watch lilitangaza kwamba watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa huko kwa njaa na magonjwa. Habari hizo zilifika porini. Kamanda aliyetaka kuwazuia vijana wake wasijisalimishe hakuhitaji tena kutafuta maneno mengi.

Mwaka 2019, baada ya Félix Tshisekedi kuingia madarakani, vijana wengi walitoka tena kwa hiari yao. Wengine walipelekwa Mubambiro, karibu na Sake. Mpango wa kuwapokea haukuwa tayari. Njaa iliwachosha, na wengi wakaondoka.

Tarehe 4 Julai 2021, rais alitia saini amri ya kuunda mpango mpya, P-DDRCS. Mara hii jamii imewekwa ndani ya jina lenyewe. Mpango unasema kazi na mafunzo vifanyike kijijini, kwa faida ya mpiganaji wa zamani na ya jirani yake pia, na kwamba kutoa silaha kusiwe tena mlango wa kupata cheo jeshini. Lakini vita vya M23 vilipanda tena kuanzia mwisho wa 2021, na vijana wengi waliotakiwa kuacha bunduki wakaitwa kupigana chini ya jina la Wazalendo.

Swali la familia zilizo ugenini lingali pale pale. Mama aliyepoteza mbuzi na shamba anauliza kwa nini aliyemfukuza apewe mashini ya kushona, naye asipewe hata jembe. Hakuna mpango uliompa jibu zuri. Lakini mama huyo ndiye atakayeishi na kijana huyo kijiji kimoja. Barabara ikitengenezwa, iwatafutie wote wawili kibarua. Chuo cha ufundi kikifunguliwa, mtoto wake aingie pia. Na kabla ya kijana kurudi, wenye kijiji waketishwe chini waulizwe watampokea namna gani. Bila hayo, atapewa vifaa leo, na baada ya miezi michache watu watakimbia tena.