Kwenu ni wapi? Ndorobo, reli na mashamba ya Mpanda (Sehemu ya 5)

Watoto wamelala, zamu yangu ni kesho mchana, kwa hiyo leo naandika ndefu kidogo. Weka chai karibu.

Sehemu ya 4 tuliongelea kitovu cha kichanga: kiachwe kikavu, usipake majivu, usipake mafuta, usipake kitu chochote ulichoambiwa na jirani. Wengi mkanishukuru, halafu mkaja na swali jingine kabisa: kikidondoka kizikwe wapi? Mdogo wetu mmoja akaandika kwamba mama yake mzazi anataka kipelekwe Inyonga, mume anataka kiende Katumba, na wao wenyewe wamepanga chumba hapa Kashaulili. Nikacheka. Halafu nikaona hilo si jambo la kucheka, maana ndani ya swali hilo kuna historia ya mkoa wetu mzima. Huku kwetu watu wamehamishwa na kupangiwa mahali pa kuishi zaidi ya mara moja, na kila mara kuna mama aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Tuanze kabla mji haujakuwepo. Ardhi hii ilikuwa ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na Watongwe kule milimani upande wa ziwa. Usifikirie kijiji cha leo, nyumba zimejipanga kando ya barabara. Kaya chache zilikuwa hapa, nyingine kule mbali, katikati ya miombo. Watu walikata miti, wakachoma matawi, wakalima nafaka kwenye majivu yale kwa misimu kadhaa, udongo ukichoka wanasogea. Mizinga ya asali ilining'inia juu ya miti mbali na nyumba. Hakukuwa na hati ya shamba. Ulijua ardhi ni yenu kwa sababu makaburi ya wazee yako pale na kisima mnakijua. Hata jina la mkoa limetoka humo: Katabi, mwindaji wa masimulizi ya zamani, inaaminika roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu wameendelea kwenda kuweka sadaka pale mpaka nyakati zetu, hata baada ya eneo kuwa hifadhi.

Sasa ndorobo. Vitabuni anaitwa mbung'o, lakini huku ukisema mbung'o watu wanakuangalia tu. Ndorobo alikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikaua ng'ombe na wanyama pori wengi mno. Baada yake zikaja njaa, halafu Vita ya Kwanza ya Dunia ya 1914 hadi 1918, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Palipokuwa na shamba pakaota vichaka. Na ndorobo anapenda kivuli cha vichaka. Wanyama waliporudi, naye akarudi nao, safari hii mpaka mlangoni.

Miaka ya 1920 malale yakaonekana wazi huku magharibi mwa Tanganyika. Mjue malale ya upande wetu siyo yale ya Kongo na Afrika Magharibi, ambayo mtu anaweza kukaa nayo miaka. Ya kwetu yana haraka. Homa, kichwa, mwili kuisha, kisha vimelea vinaingia kwenye ubongo, mgonjwa anachanganyikiwa, analala mchana na kukesha usiku. Bila tiba ni suala la miezi. Na vimelea hivyo vinaishi ndani ya wanyama kama pongo na hata ng'ombe, bila wao kuonekana wagonjwa. Kwa hiyo huwezi kuyamaliza kwa kutibu watu peke yao.

Serikali ya Mwingereza ilikuwa na daktari wa malale aliyeitwa George Maclean. Mpango wake ulikuwa hivi: kumfukuza nzi kwenye pori lote haiwezekani, basi tuhamishe watu. Kaya zilizotawanyika zikusanywe sehemu moja, ziwe nyingi kiasi cha kufyeka na kulima eneo pana mpaka nzi akose kivuli. Tena wakiwa pamoja, mganga anaweza kuwapima wote na kuwapa dawa mapema. Makazi ya namna hiyo yakaanzishwa sehemu nyingi za magharibi, Tabora, Kahama, Kigoma, hadi huku Ukonongo.

Mimi kama nesi naielewa hesabu yake, siwezi kudanganya. Palipofyekwa vizuri nzi alipungua kweli, na mgonjwa aliyeonekana mapema alikuwa na nafasi ya kupona. Hata leo tukiwa na kipindupindu tunafikiri hivyohivyo: watu wako wapi, tutawafikiaje, maji yao ni yapi. Lakini hesabu ile ilikuwa ya upande mmoja. Jaribu kuwaza wewe ndiye mama mwenye kichanga, unaambiwa mtahama kabla ya mvua. Mbegu utabeba. Mtungi utabeba. Mtoto uliyemzika mwaka juzi nyuma ya nyumba utambebaje? Kule mnakokwenda kuna majirani mia hamjuani, kisima kimoja, na shamba ambalo bado ni msitu. Watu wengine walitoroka na kurudi kwenye mahame yao, na wakubwa wakawaona wakaidi.

Na kuna jambo la pili ambalo shuleni hatukuambiwa. Walikotoka watu, msitu ulirudi. Visiki vikachipua, njia zikafungwa, nzi akabaki mwenye eneo. Vizazi viwili baadaye mgeni anapita na gari anasema, aisee, hili pori halijawahi kuguswa. Limeguswa sana jamani! Sehemu kubwa ya mapori ya magharibi ilishakuwa na watu. Ardhi ikishaonekana tupu ni rahisi kuitenga iwe hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 na ikaongezwa eneo mwaka 1998. Mimi naipenda Katavi, viboko wa Mto Katuma wakati wa kiangazi lazima mtoto wako awaone mara moja maishani. Nasema tu kwamba ukimsikia bibi wa Kikonongo anaongelea "kwetu" na kunyoosha kidole porini, usidhani umri umemchanganya.

Mji wetu wenyewe una hadithi fupi zaidi. Mpanda ni mtoto wa madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi pale Mukwamba, na kwa ajili ya mzigo huo ikajengwa reli kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, ikafunguliwa mwaka 1950. Mgodi haukudumu, ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki. Watu walioletwa na mshahara wengi hawakuondoka, biashara ikawafuata, na mji ukaendelea bila kile kilichouanzisha. (La kinesi hapohapo: risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Betri za gari zilizokufa zisiwe kiti cha watoto kuchezea uani.)

Kando ya reli hiyohiyo iko Katumba, na hapa nataka tukae kidogo.

Mwaka 1972 Burundi kulikuwa na mauaji makubwa, Wahutu wengi wakakimbilia Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwaacha mpakani, iliwapa ardhi. Mpanda ilikuwa imeshapokea Wanyarwanda kule Mwesi miaka ya 1960, sasa ikaja Katumba mwaka 1973 na baadaye Mishamo mwaka 1978. Ulyankulu nayo ikawa Tabora. Ardhi waliyopewa ilikuwa ipi? Miombo yenye ndorobo. Hilo ndilo linalonishangaza kila nikilifikiria: wenyeji walitolewa porini kwa sababu ya nzi, na miaka hamsini baadaye wageni wakapewa pori la nzi waanze maisha. Nao wakafyeka. Kwa jembe na panga wakatoa mahindi, maharage, muhogo, hadi tumbaku ya kuuza. Baada ya miaka michache msaada wa chakula ukakoma, kwa sababu walikuwa wanajilisha na kulisha soko la mjini. Maharage mengi tuliyokulia hapa mjini yalilimwa na mama wa Katumba.

Watoto wakazaliwa, nao wakazaa. Ilipofika mwaka 2007 na 2008 serikali ilipowauliza kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia, walikuwa zaidi ya laki mbili katika makazi yale matatu, na wengi wao walizaliwa hapahapa nchini. Karibu wanne katika kila watano wakachagua Tanzania. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 walikuwa wameshakubaliwa. Habari njema, siyo? Ila kulikuwa na sharti: ili wawe raia kamili, watoke kwenye makazi, wasambazwe mikoa mingine nchini. Katumba na Mishamo zifungwe.

Nia ya sharti hilo inaelezeka. Serikali haikutaka raia wapya wabaki wamejifungia peke yao kama wakimbizi. Lakini angalia maana yake nyumbani. Mtu amefyeka msitu, amezika mama yake pale, amezalia watoto sita pale, anaambiwa sasa wewe ni Mtanzania, kwa hiyo hama. Hati wakawa hawana mkononi, na pa kwenda hawapajui. Dada mmoja niliyesoma naye chuo cha uuguzi, mzaliwa wa Katumba, alinisimulia kwamba baba yake alifyatua tofali akachoma tanuri zima, halafu tofali zikakaa mpaka zikaota nyasi. Ajenge ahame kesho? Mama yake kila msimu alilima nusu ya shamba.

Uhamisho ule ulisimamishwa mwaka 2011, na Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kugawa hati za uraia. Watu wakaruhusiwa kubaki. Leo Katumba iko ndani ya Halmashauri ya Nsimbo, mkoa wa Katavi, ina kata na madiwani kama kwingine. Zile tofali? Dada anasema zilijengwa, na yeye alijifungulia mtoto wa kwanza akiwa kwenye nyumba hiyo.

Kwa hiyo mdogo wangu uliyeuliza, mumeo akisema Katumba hatamki jina la kambi. Na mama yako akisema Inyonga, anaongelea ardhi ambayo watu wake waliwahi kukusanywa na kupangwa upya. Msigombane. Nyote wawili mnatetea mahali ambapo ndugu zenu walifyeka wenyewe. Hospitali haina maoni kuhusu kitovu kikavu. Sisi kondo la nyuma tunalitupa kwenye shimo lake maalumu, kitovu kikishadondoka ni chenu.

Vijiji vya ujamaa sitavielezea leo, ingawa mwaka 1974 na navyo vilihamisha watu wengi wa Mpimbwe na Ukonongo kwa mara nyingine. Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao nao wanahitaji sehemu yao peke yake, maana ugomvi wa malisho na mashamba tunauona mpaka wodini, na sitaki kuuandika nikiwa na usingizi.

Ila ndorobo bado yupo. Wanaoenda kuvuna asali, kutafuta kuni mbali au kufanya kazi hifadhini wanamjua. Ukiumwa na homa ikaja, kipimo cha malaria kikatoka hakuna, mwambie mtoa huduma waziwazi: nilikuwa porini, niling'atwa. Ukiona kidonda kilichovimba pale ulipong'atwa, kionyeshe. Mtoto anayesinzia ovyo mchana na kukesha usiku baada ya homa, mlete haraka, usisubiri. Zamani dawa ya hatua ya mwisho ilikuwa na sumu ndani yake na iliwaogopesha hata wauguzi. Sasa kuna vidonge vya kumeza, feksinidazole, ambavyo mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilivikubali pia kwa malale ya aina yetu.

Mwenye bibi au mama mkwe aliye hai, muulize kabla ya Jumapili: kabla ya hapa mlikaa wapi, na nani aliwaambia mhame? Andikeni hapo chini, hata kama jina la mahali halipo tena kwenye ramani. Jumapili tunaenda Karema, kwa Daktari Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, akafika ufukweni mwa Tanganyika mwaka 1889 na kutibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956.